Njia za Mkato za Kibodi: Historia Yake na Funzo Lake kwa Walimu wa Kigali

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya jambo ambalo walimu wengi hulitumia kila siku bila ya kujiuliza lilitoka wapi. Jambo lenyewe ni zile njia za mkato za kibodi, yaani kule kubonyeza vibonye viwili au vitatu kwa pamoja ili kufungua programu ya kompyuta, kuifunga, au kuiacha kwa muda na kuhamia nyingine, bila ya mkono kugusa kipanya. Huenda msomaji akashangaa kuona jambo la mafundi likiletwa mbele ya walimu wa lugha. Lakini tukichunguza vizuri tutaona kwamba nyuma ya vibonye hivyo pana lugha, na nyuma ya lugha pana historia ya watu.

Mji wa Kigali ni mahali pazuri sana pa kulitazamia jambo hili. Mji huu ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya kikoloni ya wakati huo, na Kiswahili kilisikika humo tangu mwanzo, vinywani mwa askari, wachuuzi na mafundi waliotoka pwani na bara ya Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ilitawaliwa na Wabelgiji, na Kifaransa kikawa lugha ya ofisi, kikaendelea hivyo hata baada ya uhuru wa mwaka 1962. Katiba ya mwaka 2003 ilizitaja lugha tatu kuwa rasmi, nazo ni Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa kwa sheria kuwa lugha rasmi ya nne. Mtu wa Kigali basi anaposoma, huweza kusoma kwa lugha nne. Bali anapoketi mbele ya kompyuta, vidole vyake hukutana na historia hiyo yote katika ubao mmoja wa vibonye.

Asili ya vibonye

Kibodi ya kompyuta ni mtoto wa taipureta. Mmarekani Christopher Latham Sholes wa mji wa Milwaukee, pamoja na wenzake, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Mpangilio wa herufi uliotokana na kazi hiyo ndio ule unaoitwa QWERTY, kwa kufuata herufi sita za kwanza za safu ya juu. Mashine ile ya kwanza iliandika herufi kubwa tu. Mwaka 1878 Remington wakatoa mashine ya pili yenye kibonye cha Shift, ambacho kilisogeza mitambo ya ndani ili pigo lile lile litoe herufi kubwa au ndogo.

Kibonye hicho kinastahili kuangaliwa na mwalimu wa sarufi. Shift peke yake haiandiki kitu. Kazi yake ni kubadili maana ya kibonye kingine kinachobonyezwa pamoja nayo. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba Shift ni kama kiambishi katika lugha yetu: hakisimami peke yake, lakini kikipachikwa katika mzizi hubadili maana ya neno zima. Njia zote za mkato tunazozijua leo zimejengwa juu ya wazo hilo moja. Panahitajika kiambishi, panahitajika mzizi, na vyote viwili hutamkwa kwa pamoja.

Vibonye vingine vya aina hii vilikuja kwa njia mbalimbali. Tab ilitoka katika taipureta, ambamo ilimwezesha mpiga chapa kurukia safu iliyofuata alipokuwa akipanga hesabu katika majedwali. Ctrl ilitokana na mashine za kupelekeana maandishi kwa waya, ambazo zilihitaji kupeleka amri pamoja na herufi. Katika mfumo wa alama uitwao ASCII, uliotolewa mwaka 1963, Ctrl ikibonyezwa pamoja na G ilipiga kengele katika mashine ya upande wa pili, ili karani aliyekuwa mbali ajue kwamba ameletewa habari. Alt ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya kuwa badala ya kingine. Majina haya yote yalizaliwa katika kazi za ofisini za karne iliyopita na ile iliyoitangulia, na yamebakia juu ya vibonye hata baada ya kazi zenyewe kutoweka.

Programu moja, kisha nyingi

Kompyuta za watu binafsi zilipoanza kuenea, hapakuwa na haja ya kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine, kwa sababu nyingi ziliweza kuendesha programu moja tu kwa wakati mmoja. Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa hivyo. Aliyekuwa akiandika barua na akataka kupiga hesabu ilimbidi ahifadhi barua yake, atoke kabisa, aanzishe programu ya hesabu, kisha arudi kwa njia ile ile. Sheria ya mashine ilikuwa ndiyo methali yetu: mshika mbili moja humponyoka. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo iliyoleta mbonyezo maarufu wa Ctrl, Alt na Del, uliobuniwa na mhandisi David Bradley ili kuianzisha upya mashine iliyokwama. Vibonye hivyo vilichaguliwa makusudi viwe mbalimbali, ili mtu asije akavibonyeza kwa bahati mbaya kwa mkono mmoja na kuipoteza kazi yake.

Dawa ya kwanza ya shida ya programu moja ilikuja mwaka 1984, kampuni ya Borland ilipotoa programu iitwayo SideKick. Programu hiyo ilijificha katika kumbukumbu ya mashine huku nyingine ikiendelea na kazi. Mtumiaji alibonyeza Ctrl na Alt kwa pamoja, na papo hapo kikokotoo, kalenda au daftari likajitokeza juu ya kazi yake. Akimaliza, huliondoa na kuikuta kazi yake pale pale alipoiacha. Kwa watu wengi huo ndio uliokuwa mwanzo wa kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine kwa vidole tu.

Mwaka huo huo wa 1984, mwezi wa Januari, kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, nayo ikashika njia nyingine. Waundaji wake walitaka watu wazoee kipanya, chombo ambacho Douglas Engelbart alikuwa amekionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Kwa sababu hiyo kibodi ya kwanza ya Macintosh haikuwa hata na vibonye vya mishale. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba Engelbart mwenyewe hakukusudia kipanya kiwe peke yake. Katika onyesho lake mkono wa kulia ulishika kipanya, na mkono wa kushoto ulikuwa juu ya kibao kidogo chenye vibonye vitano vya kutolea amri. Na Macintosh nayo haikukaa sana kabla ya kuhitaji dawa: mwaka 1985 Andy Hertzfeld, mmoja wa waundaji wake, aliiandikia programu ya Switcher, iliyomwezesha mtu kupokezana kati ya programu kadhaa.

Kampuni ya Microsoft ilitoa Windows ya kwanza mnamo Novemba 1985. Jina lenyewe lina maana ya madirisha, na kila programu ilipewa dirisha lake. Ndipo Alt na Tab zikaunganishwa kuwa amri ya kuhama kutoka dirisha hadi dirisha. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, mtu aliposhika Alt na kuigonga Tab, kijisanduku kilimwonyesha jina la programu anayoiendea kabla hajaingia. Katika Windows 95 majina hayo yakaandamana na safu ya picha ndogo za programu zote zilizo wazi. Miaka hiyo hiyo ya katikati ya 1990 kikaingia katika kibodi kibonye kipya chenye alama ya Windows, nacho kikawa kiambishi kingine: kikibonyezwa peke yake hufungua orodha ya programu, na tangu Windows 7 ya mwaka 2009 kikibonyezwa pamoja na tarakimu 1 hufungua programu ya kwanza iliyopangwa katika mwambaa wa chini.

Kwa ufupi, amri hizi ziligawanyika katika matapo mawili. Tapo la kwanza ni la amri zisizotumia herufi, kama vile Alt na Tab za kuhama, au Alt na F4 za kufunga. Tapo la pili ni la amri zinazotumia herufi, kama vile Ctrl na S ya kuhifadhi, Ctrl na P ya kuchapa, au Ctrl na Q ya kuifunga programu. Mgawanyiko huu waonekana mdogo, lakini mjini Kigali una matokeo makubwa.

Kibodi mbili katika mji mmoja

Wafaransa na Wabelgiji hawakuupokea mpangilio wa QWERTY jinsi ulivyo. Wao hutumia mpangilio uitwao AZERTY, ambamo A imekaa mahali pa Q na Q mahali pa A, Z mahali pa W na W mahali pa Z, na M imehamishiwa kando ya L. Kwa kuwa Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi nchini Rwanda, mpangilio huo ndio ulioingia pamoja na taipureta za ofisi na shule, na baadaye pamoja na kompyuta.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, familia nyingi zilizokuwa uhamishoni kwa miaka mingi zilirudi nchini. Waliotoka Burundi na Kongo walikuja na Kifaransa, na waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania walikuja na Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 1997 Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, iliyojulikana kama KIST, ilifunguliwa katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha kijeshi, na humo Kiingereza na Kifaransa vilitumika vyote viwili. Mwaka 2001 serikali ilianza kutekeleza mpango wa kwanza kati ya mipango ya miaka mitano mitano ya kueneza teknolojia ya habari. Mwaka 2007 Rwanda ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mnamo Oktoba 2008 baraza la mawaziri likaamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Basi kompyuta za QWERTY zikaongezeka, na za AZERTY hazikuondoka siku hiyo hiyo.

Aliyezoea mpangilio mmoja akikaa mbele ya wa pili hupata taabu ya makosa ya herufi, nayo ni taabu ndogo, kwani makosa huonekana na kusahihishwa. Taabu kubwa imo katika amri. Hebu tuchukue mfano wa karani aliyejifunza kwa AZERTY, ambaye sasa amepewa kibodi ya QWERTY. Anataka kuteua maandishi yote, yaani Ctrl na A. Kidole chake, kwa mazoea, kinakwenda mahali A ilipokuwa. Na mahali hapo pana Q. Badala ya kuteua maandishi, ameiamuru programu ijifunge. Au tuseme amekosea jambo, naye anataka kulitendua kwa Ctrl na Z. Kidole kinakwenda mahali Z ilipokuwa, na hapo pana W. Na Ctrl pamoja na W, katika programu nyingi, hufunga dirisha alilo nalo. Alitaka kurekebisha kosa dogo, na dirisha lote limetoweka mbele ya macho yake. Ikiwa programu ni ya kuuliza kwanza, atasalimika. Ikiwa si ya kuuliza, kazi imepotea.

Mwalimu asiyejua historia hii akimwona mwanafunzi wake katika hali hiyo huenda akamdhani mzembe au mgumu wa kuelewa. Hali ilivyo ni kinyume chake. Kosa hilo humpata zaidi yule aliyejifunza vizuri, ambaye vidole vyake vimeacha kutafuta na vinakwenda vyenyewe. Asiyejua kitu huangalia kibonye kwanza, na kwa kuangalia kwake haanguki.

Yafaa pia kuona ni amri zipi ambazo hazikudhurika. Herufi X, C na V zimekaa mahali pale pale katika mipangilio yote miwili, na kwa hiyo kukata, kunakili na kubandika hakubadiliki. Alt na Tab nazo hazina herufi hata moja. Aliyejifunza kuhama kutoka programu hadi programu kwa AZERTY atahama vivyo hivyo kwa QWERTY, na ataweza kufanya hivyo Kigali, Bujumbura, Goma au Kampala. Kwa hiyo tapo la kwanza la amri halina utaifa, na tapo la pili lina pasipoti.

Kompyuta ndogo za kijani

Watoto wa Kigali walipata kuonja namna nyingine kabisa ya kibodi. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa kuwaundia watoto wa shule kompyuta ya bei nafuu, na shirika la One Laptop per Child likaanza kuzitengeneza kwa wingi mwishoni mwa mwaka 2007. Kompyuta hiyo, iliyoitwa XO, ilikuwa ya rangi nyeupe na kijani, na kibodi yake ilifunikwa kwa mpira laini ili vumbi na maji visipenye. Rwanda ilikuwa nchi iliyoupokea mpango huo kwa ukubwa zaidi katika Afrika. Shule ya Kagugu, iliyo katika wilaya ya Gasabo mjini Kigali, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuzipokea, na kwa jumla zaidi ya kompyuta 200,000 ziligawanywa katika shule za msingi nchini.

Jambo linalotuhusu hapa ni safu ya juu ya vibonye vya XO. Waundaji walifikiri juu ya mtoto ambaye hajui Kiingereza, na pengine hajajua kusoma lugha yoyote. Kwa hiyo vibonye vya kuhamia hapa na pale havikuandikwa maneno, bali vilichorwa duara na vitone. Duara lenye vitone vingi lilimpeleka mtoto penye mtaa, ambapo aliona kompyuta zote zilizokuwa karibu naye. Lenye vitone vichache lilimpeleka kwa kundi la rafiki zake. Lenye kitone kimoja lilimrudisha nyumbani kwake, kwenye duara la programu zake. Kibonye kingine kilimrudisha kwenye kazi aliyokuwa akiifanya. Mtaa, kundi, nyumbani, kazini: mtoto wa miaka saba huyajua maneno hayo kwa lugha ya mama yake. Pamoja na hayo, Alt na Tab zilifanya kazi humo kama katika kompyuta nyingine, na Ctrl na Q ilifunga shughuli.

Mpango huo ulikuwa na upungufu wake, nao umezungumzwa sana. Shule nyingi za mashambani hazikuwa na umeme, na mafunzo ya walimu hayakuwa marefu. Katika miaka ya baadaye Wizara ya Elimu iliweka mkazo katika vyumba maalumu vya kompyuta shuleni, na mtoto aliyetoka kwenye vibonye vya duara na vitone akakutana na kibodi ya kawaida yenye maneno ya Kiingereza. Lakini wazo lililokuwa katika vibonye vile halifai kutupwa. Lilionyesha kwamba amri ya kuhama yaweza kufundishwa kwa maana, pasipo kukariri herufi za lugha ambayo mwanafunzi bado hajaijua.

Lugha ya amri

Sasa tuangalie lile tapo la pili, la amri zenye herufi. Nyingi kati yake ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Mataifa mengine yalipotafsiri programu hizi yalifanya mabadiliko kidogo kidogo. Katika Word ya Kifaransa, wino mzito huandikwa kwa Ctrl na G, kutokana na neno la Kifaransa lianzalo na herufi hiyo; Wajerumani hutumia F pamoja na Shift, na Wahispania N. Lakini hata hao hawakugusa X, C na V. Katika Kifaransa maneno ya kukata, kunakili na kubandika yote matatu huanza na C, kwa hiyo kufuata herufi ya mwanzo kusingewezekana.

Herufi hizo tatu zina historia yake. Zilichaguliwa na Larry Tesler na wenzake walipokuwa wakiunda kompyuta ya Lisa ya Apple, iliyotoka mwaka 1983. C ndiyo pekee iliyofuata neno la Kiingereza. X ilichaguliwa kwa umbo lake, kwani ni alama ya kufuta, na V kwa kuwa hufanana na ile alama ambayo mwalimu huichora daftarini kuonyesha mahali pa kuchomeka neno lililosahauliwa. Z ikapewa kazi ya kutendua kwa kuwa imekaa kando yake. Zote nne zimejipanga katika safu ya chini, karibu na mkono wa kushoto.

Kwa msemaji wa Kiswahili pana jambo la kuchekesha kidogo hapa. Q na X hazimo katika abjadi yetu, wala hazimo katika ile ya Kinyarwanda. Katika maandishi ya lugha zetu mbili vibonye hivyo hukaa bure. Lakini vikishikana na Ctrl huwa na nguvu kuliko vyote: mmoja hukata maandishi, na wa pili huifunga programu nzima.

Kiswahili nacho hakikubaki nyuma katika kutafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nao wakafuata kwa tafsiri yao ya Kiswahili katikati ya miaka ya 2000. Watafsiri walipofika kwenye amri ya kurudisha nyuma jambo lililokwisha kufanywa, walilikuta neno limekwisha kuwapo katika sarufi. Kwa miaka mingi wanasarufi wetu wamekuwa wakizungumza juu ya kauli ya kutendua, ile inayogeuza funga kuwa fungua, ziba kuwa zibua, na kunja kuwa kunjua. Tendua ikawa amri ya kompyuta, nayo yaeleweka mara moja kwa aliyefundishwa vitenzi vizuri. Neno la Kiingereza lenyewe halielezi zaidi ya hapo.

Katika kuhama kutoka programu hadi programu, kwa maoni yetu, bado pana utatanishi. Watu wengi husema kubadili programu. Lakini kubadili programu kwaweza pia kuwa na maana ya kuigeuza programu yenyewe iwe vingine, au kuitoa na kuweka nyingine. Afadhali tutumie kitenzi hama pamoja na kauli yake ya kutendea: hamia dirisha jingine, hamia programu ya hesabu. Ahamaye huacha nyumba yake imesimama, haibomoi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Alt na Tab, kwani programu iliyoachwa bado iko wazi nayo humngoja mwenyewe. Mwanafunzi akiambiwa hamia, hataogopa kwamba kazi yake imepotea, hofu ambayo huwazuia wengi wasijaribu.

Kwao si njia ya mkato

Hatuwezi kuimaliza habari hii bila ya kuwataja watu ambao kwao vibonye hivi si njia ya mkato, bali ndiyo njia pekee. Asiyeona hawezi kutumia kipanya, kwa sababu kipanya humtaka mtu aone anakokiendesha. Yeye hutumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Mojawapo ni NVDA, ambayo hutolewa bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, akisaidiwa baadaye na mwenzake James Teh, naye vilevile asiyeona. Mojawapo ya sauti zake, iitwayo eSpeak, huweza kusoma Kiswahili. Mwanafunzi asiyeona hushika Alt na kuigonga Tab, na sauti humtajia jina la kila dirisha hadi afike analolitaka.

Kwa mtu huyo, mwalimu anayesema bonyeza hapa, au angalia pale juu kulia, hajasema kitu. Mwalimu anayesema shika Alt, gonga Tab mara mbili, kisha achia, amempa ufunguo wa nyumba. Somo la kompyuta lililojengwa juu ya kipanya peke yake humfungia mlango. Na lililojengwa juu ya vibonye huwachukua wote, wanaoona na wasioona.

Hitimisho

Kutokana na historia hii twaweza kupata mashauri matatu kwa wale wanaofundisha Kiswahili mjini Kigali na kwingineko, hasa kwa vile walimu wa lugha mara nyingi ndio wanaoombwa kuwasaidia wanafunzi kuandika insha zao kwa kompyuta.

La kwanza, kabla ya somo, mwalimu aangalie safu ya juu ya kila kibodi darasani. Ikianza na Q, aseme; ikianza na A, aseme. Wanafunzi waliozoea mpangilio mwingine waonywe mapema juu ya Q, A, Z na W, na wote wafundishwe kuhifadhi kazi mara kwa mara kwa Ctrl na S, ambayo haibadiliki katika mipangilio hiyo miwili.

La pili, amri za kuhama zitangulie na amri za herufi zifuate. Alt na Tab hazidai Kiingereza wala Kifaransa, na mwanafunzi aliyezishika amekwisha kupata ujasiri wa kufungua daftari, kamusi na barua kwa wakati mmoja na kutembea kati yake. Amri za herufi zikija baadaye, zielezwe kwa Kiswahili: X ni alama ya kufuta, V ni alama ya kuchomeka, Z ni herufi ya mwisho ambapo mtu hugeuka na kurudi alikotoka, na P yafaa sana kwa kupiga chapa.

La tatu, walimu wakusanye maneno. Katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya mtaani kwa miaka mingi, vijana wa maduka ya kupiga chapa na kutoa nakala wanazitumia amri hizi kutwa kucha, na bila shaka wamekwisha kuzipa majina yao. Mengine yatakuwa ya Kifaransa kilichovikwa nguo za Kiswahili, mengine ya Kinyarwanda, na mengine yatakuwa Kiswahili safi ambacho wanakamusi hawajakisikia. Mwalimu akiyaandika katika daftari, pamoja na mahali alipoyasikia, atakuwa ameifanyia lugha kazi njema, na taarifa hii itafurahi kuyachapisha.